Sabuni ya Potasiamu Dhidi ya Vidukari wa Waridi: Tathmini Baada ya Wiki Kumi

Nimetumia sabuni ya potasiamu ya kuua wadudu kwa wiki kumi mfululizo kwenye miwaridi saba ya bustani, na ninaandika tathmini hii kwa sababu dawa hii husifiwa kupita kiasi na wanaoiuza na hulaumiwa bila haki na baadhi ya wanaoinunua. Hukumu yangu naiweka mwanzoni ili msomaji asihangaike kuitafuta: ni dawa nzuri, nimeinunua mara ya pili na nitainunua tena, lakini kati ya vidukari, yaani wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa waridi, humuua yule tu aliyelowa nayo, na wala si mwingine yeyote. Anayelielewa sharti hilo atafurahia kazi yake, na asiyelielewa ataona amenunua povu.

Jina la mtengenezaji silitaji, kwa kuwa kiambato ni kilekile katika chupa nyingi za aina hii. Ni chumvi za potasiamu za asidi za mafuta, yaani sabuni halisi inayopatikana pale mafuta yanapochanganywa na haidroksidi ya potasiamu. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa sodiamu na huwa ngumu, lakini hii ya potasiamu hubaki laini au majimaji na huyeyuka upesi. Chupa yangu ilikuwa na lita 1 ya dawa iliyokolea, rangi ya chai nyepesi, na kibandiko chake kinaagiza mililita 20 kwa kila lita 1 ya maji. Tone linapomlowesha kidukari, asidi hizo hupenya ngozi yake laini na kuharibu utando wa seli zake, naye hupoteza maji ya mwili hadi akakauka. Tone hilo likishakauka juu ya jani, kazi yake imekwisha. Halibaki likimngoja mdudu atakayekuja kesho, na haliingii ndani ya mmea.

Ili kuipima dawa kwa haki ni lazima kumjua mdudu inayopambana naye. Kidukari wa waridi, ambaye wataalamu humwita Macrosiphum rosae, ana urefu wa milimita 2 hadi 3 na nusu hivi, ni wa kijani au wa rangi ya waridi, na sehemu ya nyuma ya mgongo wake imechomoza vijibomba viwili vyeusi vinavyoonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia. Hudunga chipukizi kwa mdomo ulio mfano wa sindano na kufyonza utomvu unaosafirisha sukari ya mmea. Utomvu huo una sukari tele lakini haumpi viini vya protini vya kumtosha, kwa hiyo inambidi anywe mwingi na kuitoa sukari ya ziada kama matone yanayonata. Ndiyo maana majani yaliyo chini ya kundi la vidukari hung'aa kana kwamba yamepakwa asali, kisha huota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Linalotisha zaidi ni uzazi wao. Jike huzaa watoto hai bila kupandwa na dume, na mtoto huyo anapozaliwa tayari ana viinitete vinavyokua ndani yake. Katika hali ya hewa ya joto humchukua siku 7 hadi 10 tu kuwa mzazi. Dawa ikiua tisini kati ya mia moja, wale kumi waliosalia hawahitaji hata nusu ya mwezi kulirudisha kundi zima, na hapo mwenye bustani husema kwamba dawa haifanyi kazi.

Nami nilikaribia kusema hivyohivyo. Mara ya kwanza nilichanganya dawa kwa maji ya bomba, ambayo kwangu ni maji magumu, yaani yana kalisiamu na magnesiamu kwa wingi. Nilifuata kipimo kwa uangalifu, nikatikisa, nikanyunyizia miwaridi yote hadi majani yakadondosha maji. Kesho yake asubuhi nilikuta vidukari wakitembea juu ya vikonyo kama jana. Wachache walikuwa wamekufa, walio wengi walikuwa hawajaguswa na lolote. Niliporudi kuitazama chupa ya kunyunyizia ndipo nilipoona vipande vyeupe vilivyojikusanya chini kama maziwa yaliyoganda, na ncha ya bomba imeanza kuziba. Sabuni ilikuwa imeshikana na kalisiamu na kugeuka utando usioyeyuka, hivyo nilichonyunyizia kilikuwa karibu maji matupu. Hapa nina lawama ya kweli kwa mtengenezaji: kibandiko chenye maandishi marefu kuhusu urafiki wa bidhaa na mazingira hakina hata neno moja kuhusu ugumu wa maji, ilhali jambo hilo peke yake linaweza kuifanya chupa nzima kuwa hasara.

Jaribio la kujua kama maji yanafaa ni rahisi na halichukui muda. Changanya dawa kidogo na maji unayokusudia kutumia ndani ya gilasi ya kioo, kwa kipimo kilekile cha kibandiko, kisha iache itulie kwa robo saa. Mchanganyiko ukibaki wa rangi moja, wenye weupe mwepesi ulioenea sawasawa, maji hayo yanafaa. Ukiona vipande vinaelea juu au vinatuama chini, tafuta maji mengine. Mimi nilihamia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa na kuyachuja kwa kitambaa, na tofauti ilionekana tangu nilipotikisa chupa, kwa maana povu lilipanda jepesi na kukaa.

Ili nisijidanganye, nilichagua tumba moja la mwaridi wa manjano, nikafunga uzi kwenye kikonyo chake na kuwahesabu wadudu wake kabla ya kunyunyizia. Walikuwa 64, wamepangana kichwa chini mkia juu kuanzia shingo ya tumba hadi jani la kwanza, wakubwa kwa wadogo, na katikati yao yamenasa yale magamba meupe wanayoyavua wanapokua. Nilinyunyizia mapema asubuhi kabla ya jua kupata nguvu, nikilishika tumba kwa vidole na kuligeuza ili kila upande ulowe. Baada ya dakika chache miguu yao ilianza kujikunja na wengine wakadondoka. Jioni wengi wao walikuwa wamebadilika rangi kuwa kahawia, wamesinyaa na kubaki wamegandamana na kikonyo, na nilipowapitishia brashi laini walipukutika kama vumbi. Nikahesabu tena na kukuta watano walio hai. Watatu walikuwa wamejificha ndani ya mkunjo wa vile vijani vidogo vinavyolikumbatia tumba, na wawili chini ya jani lililojikunja, mahali ambapo ni dhahiri sabuni haikufika. Hakuna hata mmoja kati ya hao watano aliyekuwa mahali pa wazi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifundisha jinsi ya kuitumia dawa hii. Haitoshi kupita juu ya mmea kama mtu anayemwagilia. Ni lazima kuinama, kugeuza majani, kuanzia chini kwenda juu, na kuyapa matumba muda wake, kwa sababu vidukari hupenda sehemu changa zilizojikunja. Ni lazima pia kurudia. Mimi nilirudia kila baada ya siku tano, mara tatu, na baada ya mara ya tatu lile tumba la uzi lilikuwa na vidukari wawili tu. Kwa miwaridi saba kazi hiyo ilinichukua karibu dakika arobaini kila mara. Mwenye miwaridi mia moja atahitaji pampu ya mgongoni na msaidizi, na kwa kweli nadhani atahitaji dawa ya namna nyingine.

Dawa hii haina harufu ya kuchukiza, na niliweza kukata maua siku iliyofuata na kuyaweka ndani ya nyumba bila wasiwasi. Hata hivyo ni sabuni, na ikiingia machoni huwasha vikali, kwa hiyo miwani ya kukinga macho si anasa, hasa unaponyunyizia ukiwa umeinama na bomba likielekea juu. Isimwagwe kwenye kidimbwi chenye samaki wala kwenye mfereji unaoelekea huko, kwa kuwa viumbe wa majini hudhuriwa nayo kwa urahisi zaidi kuliko viumbe wa nchi kavu.

Kwa upande wa mmea wenyewe, nilipata madhara mara moja, na kosa lilikuwa langu. Nilinyunyizia saa saba mchana siku ya joto kali, mwaridi mmoja ukiwa na kiu kwa sababu sikuwa nimeumwagilia kwa siku tatu, na baada ya siku mbili kingo za majani yake machanga zilikuwa za kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Ushauri wa kawaida ni kutonyunyizia joto linapozidi nyuzi 32 za Selsiasi, na mmea uwe umekunywa maji ya kutosha. Niliposhika masharti hayo, nikafanya kazi asubuhi mapema au jioni, sikuona tena jani lililoungua. Asubuhi na jioni kuna faida nyingine pia, nayo ni kwamba tone hukawia kukauka, na kadiri linavyobaki bichi ndivyo linavyoendelea kuua. Anayeitumia kwa mara ya kwanza ajaribu tawi moja kwanza na asubiri siku nzima, kwa maana aina za mawaridi hazistahimili kwa kiwango kimoja.

Wengi huuliza kwa nini wanunue dawa hii ilhali sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iko jikoni. Nimejaribu yote mawili na sishauri la pili. Nyingi ya hizo tunazoziita sabuni za vyombo si sabuni kwa maana halisi, bali ni visafishaji vya sanisi, yaani vya kemikali za kiwandani, vilivyotengenezwa ili kuondoa mafuta, na jani la mwaridi lina tabaka la nta linalolilinda lisipoteze maji. Kisafishaji hicho hakitofautishi mafuta ya sufuria na nta ya jani. Isitoshe, kina manukato, rangi na chumvi ambazo hakuna aliyezipima kwa ajili ya mimea. Vidukari watakufa, ndiyo, lakini machipukizi yanaweza kufa pamoja nao.

Mafuta ya mwarobaini ni mshindani wa haki zaidi. Kiini chake chenye nguvu, azadirakitini, huwafanya wadudu waache kula na huvuruga namna wanavyojivua ngozi na kukua, kwa hiyo hufanya kazi polepole na matokeo yake huonekana baada ya siku kadhaa. Mimi huyaheshimu, ila kwa kundi lililokwisha kulifunika tumba linalokaribia kuchanua, siku kadhaa ni nyingi mno. Harufu yake pia hudumu, jambo ambalo kwa ua linalopandwa kwa ajili ya harufu si dogo. Pareto nayo huangusha wadudu upesi sana na huvunjikavunjika kwa mwanga wa jua, lakini haichagui. Huwaua pia wale wanaokula vidukari na nyuki waliokuja kwenye ua.

Kuhusu dawa za sanisi zinazosambaa ndani ya mmea, msimamo wangu ni mkali, nami ninao kwa sababu. Ni kweli kwamba humfikia hata kidukari aliyejificha kwenye mkunjo ambao sabuni yangu haikuufikia, na mtu ananyunyizia au kumwaga kwenye udongo mara moja na kukaa kwa wiki nyingi. Lakini zile za kundi la neonikotinoidi huingia pia katika chavua na maji matamu ya ua, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya tatu kati ya hizo nje ya vitalu vya ndani mwaka 2018, yaani imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam, kwa sababu ya hatari yake kwa nyuki. Siwezi kupanda ua linalomwita nyuki kwa rangi na harufu, kisha nimtilie sumu katika chakula alichokifuata.

Hapo ndipo sabuni ya potasiamu inaposhinda kwa maoni yangu, kuliko hata kwenye ile hesabu ya tumba. Kwa kuwa haiachi sumu juu ya jani, mdudu rafiki anayefika baada ya saa chache hupata mahali salama. Nilipofika wiki ya nne nilikuta juu ya mwaridi mwekundu ulio karibu na ukuta kiumbe cheusi chenye madoa ya rangi ya chungwa, kirefu kama punje ya mchele, chenye miguu sita na mwili wa mikwaruzo kama mamba mdogo. Ni mtoto wa mdudu kibibi, yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, ingawa hafanani naye hata kidogo, na nina hakika wengi humuua wakidhani ni adui. Nilimtazama akimkamata kidukari, akamng'ata na kumfyonza hadi ikabaki ngozi tupu, kisha akamwendea mwingine aliyekuwa jirani bila hata kupumzika. Mwaridi huo sikuunyunyizia siku ile. Baada ya siku sita tawi zima lilikuwa safi, limebaki na magamba meupe tu yanayopeperuka.

Hata hivyo nisimfiche msomaji ukweli: tone la sabuni likimwangukia mtoto huyo akiwa laini, linaweza kumuua kama linavyomuua kidukari. Dawa haina macho, ni mnyunyiziaji anayepaswa kuwa nayo. Kabla ya kushika bomba, tazama kila tawi. Tafuta pia vidukari waliovimba na kuwa na rangi ya shaba au kahawia hafifu, wasiotikisika ukiwagusa. Hao wameshatagiwa yai na nyigu vimelea mdogo sana, ambaye mtoto wake anawala kwa ndani na atatoka kwa kukata tundu la mviringo mgongoni. Tawi lenye wengi wa namna hiyo liachwe, maana tiba tayari imeanza.

Chungu, yaani sisimizi, pia wahesabiwe katika jambo hili, kwa sababu huyafuata yale matone matamu ya vidukari na kwa malipo hayo huwafukuza wadudu wanaowala. Kwenye mwaridi mmoja vidukari walirudi kila mara hata baada ya minyunyizio mitatu, hadi nilipogundua msafara wa chungu ukipanda shina usiku na mchana. Nilizungushia shina ukanda wa karatasi uliopakwa gundi isiyokauka, nikakata tawi moja lililokuwa linagusa ukuta na kuwapa njia ya pili, na minyunyizio iliyofuata ndipo ikaleta matokeo. Sabuni isingeweza kulitatua hilo peke yake, na si haki kuidai.

Vivyo hivyo kwa mbolea. Mwaridi unaolishwa naitrojeni nyingi kwa mkupuo hutoa machipukizi laini, marefu, yenye utomvu tele, na hicho ndicho chakula kinachopendwa na vidukari. Nilipopunguza mbolea hiyo na kuitoa kidogo kidogo, niliona wadudu wachache zaidi kwenye machipukizi mapya, ingawa siwezi kuutenga mchango wa mbolea na ule wa wadudu kibibi waliokuwa wameongezeka.

Yupo mtu asiyepaswa kuinunua kabisa. Kama una mwaridi mmoja au miwili, na vidukari ndio kwanza wanaanza, fungulia mpira wa maji na uwapige kwa mkondo wenye nguvu kiasi, huku mkono mmoja ukiliegemeza tumba lisivunjike. Wengi wa wanaoanguka hawawezi kupanda tena, kwa kuwa midomo yao hukatika au kuumia wanaponyofolewa wakiwa wananyonya, na miili yao ni dhaifu. Fanya hivyo asubuhi ili majani yakauke mapema yasipate magonjwa ya ukungu. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu, na huenda usihitaji chupa yoyote.

Kwa anayeinunua, anunue ile iliyokolea badala ya ile iliyokwisha kuchanganywa, kwanza kwa sababu hudumu, na pili kwa sababu humwezesha kuchagua maji mwenyewe. Achanganye kiasi cha kumaliza siku hiyohiyo. Mchanganyiko wangu niliouweka kwa wiki moja ulitengana na kuziba ncha ya bomba. Kifuniko cha kupimia kilichokuja na chupa yangu hakina alama ya mililita 20, kinaanzia 25, na nililazimika kutumia bomba la sindano la plastiki lisilo na sindano ili nipime sawasawa. Baada ya wiki kumi na minyunyizio minane, chupa ile ya kwanza iliisha wiki iliyopita, na ya pili nimeifungua jana kwa ajili ya mwaridi wa manjano peke yake, kwani mingine sita ina wadudu kibibi wanaoendelea na kazi.